Maumivu yasiyokoma: kabla ya kununua sindano ya seli



Wazee walisema: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Neno hili lafaa kukumbukwa kila tukutanapo na mtu mwenye maumivu ya kudumu. Aliyevunjika mkono huonwa na watu wote, hupewa pole na kusaidiwa kazi. Bali mama ambaye magoti yake yamemwuma miaka kumi, au mwanafunzi ambaye mifupa yake huwaka kama moto kila mara kwa sababu ya damu yake, huyo mara nyingi huitwa mvivu, au husemwa kwamba anajidekeza. Haifai kusema hivyo. Waganga huyaita maumivu ya kudumu yale yanayokaa au kurudi kwa zaidi ya miezi mitatu, nao huyahesabu kuwa taabu ya kweli, hata pale ambapo jicho halioni jeraha lolote.

Mtu aliye katika hali hiyo hutega sikio kwa kila habari ya dawa mpya. Mfa maji haachi kutapatapa, nasi hatumlaumu. Siku hizi habari inayomfikia, kwa simu na kwa vinywa vya watu, ni ile ya sindano ya seli za shina. Husemwa kwamba katika miji mikubwa ya ng'ambo kuna nyumba za waganga ambamo mgonjwa hudungwa seli hizo gotini au mgongoni, na maumivu yakamwacha. Gharama yake ni maelfu ya dola. Basi jamaa hukaa baraza: Tuuze shamba? Tuuze ng'ombe? Tutumie fedha za masomo ya watoto? Kwa kuwa mali ya jamaa na afya ya mtu zimo hatarini pamoja, twaona yafaa tulieleze jambo hili taratibu, bila kulisifu bure wala kulidharau bure.

Seli za shina ni nini?

Kila kiungo cha mwili kimejengwa kwa vitu hai vidogo sana, visivyoonekana kwa macho matupu, viitwavyo seli. Seli nyingi huchakaa na kufa. Seli nyekundu ya damu, kwa mfano, huishi siku 120 hivi. Lakini damu yetu haiishi, kwa maana ndani ya uboho wa mifupa mna seli za namna nyingine, zenye uwezo wa kujizidisha na kuzaa seli mpya. Tazameni mgomba: ukiisha kuzaa hukatwa, lakini kisiki kilicho chini ya udongo hutoa machipukizi, na shamba halifi. Seli za shina ni kama kisiki hicho. Mwaka 1961 wataalamu wawili wa Toronto, katika nchi ya Kanada, James Till na Ernest McCulloch, walionyesha kwa kuchunguza panya kwamba seli za namna hiyo zimo kweli katika uboho. Nazo hazichoki: uboho wa mtu mzima mwenye afya hutoa seli nyekundu milioni 2 hivi kila sekunde.

Lakini angalieni vema: kisiki cha mgomba huzaa mgomba, hakizai muhogo. Vivyo hivyo seli za shina za damu huzaa damu. Hazizai goti. Jina moja, "seli za shina", hutumiwa kwa vitu vingi visivyofanana, na hapo ndipo udanganyifu hupata mlango. Muuzaji huonyesha mgonjwa wa damu aliyepona kweli, kisha humwuzia mwenye maumivu ya mgongo kitu kingine kabisa kwa jina lile lile.

Pale ambapo dawa hii huponya kweli

Mwaka 1957 Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani na wenzake walitangaza majaribio yao ya kuwatia wagonjwa uboho wa mtu mwingine. Wagonjwa wale walikuwa sita, wala hakuna hata mmoja aliyeishi zaidi ya siku 100. Waganga hao hawakulificha jambo hilo. Waliliandika, wakatafuta sababu, wakaendelea kwa uvumilivu. Mwaka 1990 Daktari Thomas alipewa tuzo ya Nobel, kwa kuwa wakati huo kazi yake ilikuwa imekwisha kuwaokoa watu wengi wenye saratani ya damu. Tangu kushindwa kule hadi tuzo hiyo ilipita miaka 33.

Kazi hiyo yatuhusu sana sisi Wakongo, kwa sababu ya ugonjwa wa selimundu, ambao wengi kwetu huuita SS. Mtoto huurithi kwa baba na kwa mama pamoja. Seli zake nyekundu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo, na mahali palipokosa damu hupatwa na maumivu makali: mikononi, miguuni, kifuani, mgongoni. Chanzo cha maumivu hayo ni damu, na damu huzaliwa na seli za shina za uboho. Basi ukibadili kisiki, umebadili machipukizi. Mwaka 1988 waganga wa Brussels, katika Ubelgiji, waliandika habari za watoto watano wenye ugonjwa huu waliopandikizwa uboho. Tangu hapo wengine wengi wameponywa kwa njia hiyo, hasa wale waliopata uboho wa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Walakini kila ndugu ana nafasi moja tu katika nne ya kulingana na mgonjwa. Tena kabla ya kupandikizwa, mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uboho wa zamani, ambazo zaweza kumfanya tasa. Na pengine uboho mgeni huushambulia mwili ulioupokea.

Mwezi wa Desemba 2023 serikali ya Marekani iliidhinisha njia nyingine, iitwayo Casgevy. Hapo seli za shina za mgonjwa mwenyewe hutolewa, hurekebishwa, kisha hurudishwa mwilini mwake. Katika wagonjwa 31 waliokuwa wamefuatiliwa muda wa kutosha, 29 walikaa miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Ni habari ya furaha kubwa. Lakini bei iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na kazi yenyewe yahitaji hospitali yenye vyombo na wataalamu wa hali ya juu.

Huo basi ndio mfano wa dawa ya kweli: ugonjwa una jina, chanzo chake chajulikana, njia ya kukiondoa yaeleweka, hesabu ya waliopona yatangazwa, na hatari pia zasemwa wazi.

Goti na mgongo

Goti la mzee ni jambo jingine. Ndani yake gegedu, yaani ule utando mgumu na laini unaofunika ncha za mifupa, limelika kwa miaka mingi, na goti zima limebadilika. Mwaka 1991 mtaalamu Arnold Caplan wa Marekani alizipa seli fulani, zilizopatikana katika uboho, jina la seli za shina, kwa kuwa katika maabara ziliweza kugeuka kuwa mfupa au gegedu. Watu wakatumaini kwamba zikidungwa gotini zitaotesha gegedu jipya. Baadaye ilionekana kwamba nyingi za seli hizo hazikai siku nyingi mahali zilipodungwa. Kama zina faida, ni kwa kutoa vitu vya kutuliza uvimbe kabla hazijafa. Mwaka 2017 Caplan mwenyewe aliandika kwamba wakati umefika wa kulibadili jina hilo, kwa maana liliwapotosha watu. Yeye aliyempa mtoto jina ndiye aliyeomba jina hilo liondolewe!

Mwaka 2023 waganga wa Marekani walitangaza jaribio kubwa la watu 475 wenye maumivu ya goti. Waligawanywa kwa kura. Wengine walidungwa seli za uboho wao wenyewe, wengine seli za mafuta ya miili yao, wengine seli za kamba ya kitovu, na wengine dawa ya siku nyingi ya jamii ya kotizoni, ambayo bei yake ni ndogo. Baada ya mwaka mmoja hakuna kundi la seli lililoshinda kundi la kotizoni. Mwaka 2025 wataalamu wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio ya dunia nzima na kuyapima pamoja, walisema kwamba sindano hizo zaweza kupunguza maumivu ya goti kidogo, lakini ushahidi wake ni dhaifu, wala haijajulikana kama huzuia goti kuendelea kuharibika. Kwa maumivu ya mgongo pia majaribio yapo, bali hayajaleta jibu la kutegemewa.

Labda mtu atasema: Mbona serikali huruhusu? Ni kweli kwamba mwaka 2025 jimbo la Florida, huko Marekani, liliwaruhusu waganga kutumia seli hizo kwa maumivu na kwa maungo, ingawa idara ya dawa ya nchi nzima haijaziidhinisha kwa kazi hiyo. Lakini sheria ile ile yamlazimu mganga kumjulisha mgonjwa kwamba dawa hiyo haijaidhinishwa. Ruhusa ya kuuza si uthibitisho wa kuponya.

Kwa nini ushuhuda wa mtu mmoja hautoshi

"Lakini mjomba wa rafiki yangu alidungwa, sasa anatembea!" Twaamini kwamba mtu huyo hasemi uongo. Hata hivyo, fikirini pamoja nasi. Maumivu ya goti na ya mgongo hupanda na kushuka yenyewe, kama maji ya mto katika majira ya mvua na ya kiangazi. Mtu huitafuta dawa ya ghali lini? Siku ambayo maumivu yamefika juu kabisa. Baada ya hapo, hata kama angekaa bila dawa, mara nyingi yangeshuka. Yeye huona yameshuka baada ya sindano, husema sindano ndiyo iliyoyashusha. Tena matumaini yenyewe hutuliza maumivu: katika majaribio ya magoti, hata wale waliodungwa maji ya chumvi tu, bila kujua, wengi wao walipata nafuu. Ndiyo sababu wataalamu hawaulizi tu, "Je, mgonjwa alipata nafuu?" Huuliza, "Je, alipata nafuu kuliko mwenzake ambaye hakupewa dawa hii?" Nanyi wanafunzi, lishikeni swali hilo, litawafaa katika mambo mengi kuliko haya.

Tena yule aliyedungwa asipone husikika kwa nadra. Ameona haya, fedha zimekwisha, naye hanyamazi kwa sababu ya furaha.

Dawa isiyosaidia yaweza pia kudhuru

Wengine husema: "Kama haitafaa, haitadhuru, maana ni seli tu." Sivyo. Mwaka 2018 huko Marekani wagonjwa 12 walilazwa hospitalini baada ya kudungwa vitu vilivyotengenezwa kwa damu ya kamba ya kitovu. Wengi walikuwa wametafuta dawa ya maumivu ya maungo au ya mgongo. Ndani ya chupa zile mlikutwa vijidudu, hata vya namna ile ikaayo matumboni mwa watu. Wengine husema: "Seli za mwili wangu mwenyewe haziwezi kunidhuru." Mwaka 2017 waganga waliandika habari za wanawake watatu wa Florida waliodungwa machoni seli zilizotolewa katika mafuta ya miili yao, kwa tumaini la kuona vizuri zaidi. Kila mmoja alikuwa amelipa dola 5,000. Wote watatu waliharibikiwa vibaya na macho yao. Seli iliyo njema mahali pake yaweza kuwa adui mahali pasipo pake.

Neno kwa dhamiri

Kuna waamini wanaouliza kama Kanisa lakataza dawa za seli. Jibu lategemea seli zatoka wapi. Hati iitwayo Dignitas Personae, iliyotolewa Roma mwaka 2008, yafundisha kwamba hakuna kosa kuzitoa katika mwili wa mtu mzima bila kumdhuru sana, wala katika damu ya kamba ya kitovu wakati wa kuzaliwa mtoto. Bali kuzitoa kwa kumwua mtoto aliye bado kiinitete ni kosa zito. Uboho wa ndugu na njia ya Casgevy haviangamizi kiinitete. Na tangu mwaka 2006 Profesa Shinya Yamanaka wa Japani ameonyesha njia ya kurudisha seli za kawaida katika hali ya ujana bila kuhitaji kiinitete. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Basi mkristu na aulize bila hofu. Lakini ajue pia kwamba kumwuzia mgonjwa maskini tumaini lisilo na msingi, hata kwa seli zisizo na doa, ni kumnyang'anya.

Maswali matano kabla ya kutoa fedha

Kuuliza si ujinga. Jamaa ikae pamoja na mgonjwa, na mganga wa karibu aalikwe kama yawezekana. Kisha wamwulize anayetoa dawa:

Kwanza, ugonjwa wa mgonjwa wetu huitwaje? Maumivu ni alama, si jina la ugonjwa.

Pili, seli hizi zatoka wapi, na zimetayarishwa na nani?

Tatu, kwa ugonjwa huu hasa, je, dawa imepimwa kwa watu wengi na kulinganishwa na dawa nyingine? Hesabu ilitangazwa wapi?

Nne, serikali gani imeiidhinisha kwa ugonjwa huu, si kwa mwingine?

Tano, ikileta madhara tukiisha kurudi nyumbani, nani atatutunza, na kwa fedha za nani?

Anayejua kazi yake hatakasirika kwa maswali haya. Anayesema kwamba sindano moja huponya goti, mgongo, kisukari na macho, au anayeharakisha kupokea fedha kabla ya kujibu, huyo mwacheni na fedha zenu zibaki mfukoni. Na akisema, "Hili ni jaribio la wataalamu," mwulizeni mbona jaribio lalipiwa na mgonjwa mwenyewe maelfu ya dola.

Yaliyo karibu nasi

Mtu atasema: "Mmetunyang'anya tumaini, mtatupa nini badala yake?" Swali hilo ni la haki.

Kwa watoto wa SS iko dawa ya kumeza iitwayo haidroksiyurea. Huuamsha mwili kutengeneza damu ya namna ile aliyokuwa nayo mtoto tumboni mwa mama, ambayo haijikunji. Wengine waliogopa kwamba katika Afrika, penye malaria, itawadhuru watoto. Ikapimwa katika miji minne: Kinshasa kwetu, Luanda katika Angola, Kilifi katika Kenya, na Mbale katika Uganda. Watoto 606 waliitumia. Matokeo yalitangazwa na Daktari Léon Tshilolo wa hospitali ya Monkole, Kinshasa, pamoja na wenzake, katika jarida toleo la Januari 2019: mashambulio ya maumivu yalipungua zaidi ya nusu, malaria ilipungua kama nusu, na vifo pia vilipungua. Dawa hii sharti iongozwe na mganga, kwa kupima damu mara kwa mara. Lakini gharama yake haifanani hata kidogo na ile ya ng'ambo. Mzazi wa mtoto wa SS aiulize kabla ya kuuza shamba. Na mtoto huyo anywe maji ya kutosha, alale chini ya chandarua, akingwe na baridi. Naye akipatwa na homa apelekwe hospitalini siku ile ile.

Kwa magoti, mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja, yakifanywa kila wiki bila kuchoka, yamepimwa na kuonekana kusaidia. Aliye mnene ajitahidi kupunguza uzito: uchunguzi wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja ipungukayo mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo 4 katika kila hatua. Mgongo nao hupenda mwendo kuliko kulala kitandani. Bali maumivu ya mgongo yanayokuja pamoja na homa, kukonda, miguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo, hayo si ya kungojea. Yaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo au ugonjwa mwingine mzito, nayo yapaswa kupelekwa kwa mganga upesi. Tazameni hasara ya yule ambaye angelipia seli ng'ambo, huku ugonjwa wake una dawa ya kweli katika hospitali ya wilaya!

Hatusemi kwamba seli za shina hazitafaa kamwe kwa goti la mzee. Uboho nao ulishindwa kwanza, ukafaulu baadaye. Pengine watoto wetu wataona mambo tusiyoyaona sisi, na labda mmoja wa wanafunzi wasomao ukurasa huu atakuwa miongoni mwa watakaoyavumbua. Lakini dawa ya kesho hainunuliwi kwa shamba la leo.

Nanyi mlio wazima, msimwachie mgonjwa mzigo huu peke yake. Mwamini anaposema anaumwa. Mchoteeni maji, mpelekeni kwa mganga, keteni pamoja naye wakati wa kuuliza maswali yale matano. Aliye na watu wa kumsikiliza hawi windo jepesi la mwenye kuuza maneno matamu.